Jibu: Muziki uanze wapi kwenye filamu fupi?

Ndugu, umeuliza kama filamu yako ya dakika 10 iwe na muziki mwanzo hadi mwisho. Mimi nasema hapana. Muziki usiokatika masikio huuzoea haraka, na pale unapotaka mtu ashtuke, hashtuki.

Ila ukiingia mahali pake, hushtua. Angalia Psycho, filamu ya kutisha ya 1960. Mwongozaji wake, Hitchcock, alitaka tukio la bafuni lisiwe na muziki; mtunzi wa muziki Bernard Herrmann akaliandikia ala za nyuzi tu, na zile fidla zinazopiga mayowe ndizo watu wanazozikumbuka mpaka leo.

Juzi alfajiri nilirekodi mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa kule Mwanza: maji yakipiga ubavu wa mtumbwi, injini ikikohoa mara mbili kabla ya kuwaka, dagaa wakavu wakimwagwa kwenye turubai. (Sauti hiyo ni kama manyunyu juu ya bati, naipenda mno.) Sauti hizo zote nikaziweka chini ya tukio la filamu yangu, la mama anayemsubiri mumewe. Sikuongeza hata noti moja hadi mtumbwi ulipoonekana mtupu. Hapo ndipo zeze likaingia, taratibu.

Upepo wa ziwa utakusumbua, vika maiki sponji. Rekodi kwa kilohezi 48 (yaani sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde), ndicho kiwango cha video; 44.1 ni cha CD. Nitumie kipande chako nikisikilize.