Betri mbili kwenye Noah ya mziki: fyuzi zinakaa ncha zote mbili za waya

Mkuu umesema una Noah, betri ya pili iko nyuma karibu na amplifaya ya wati 1500, na fundi kakuwekea fyuzi moja tu mbele akasema inatosha. Haitoshi. Ningekuwa wewe leo hii ningechomoa ule waya mrefu wa pozitivu unaotoka mbele kwenye betri ya nyuma na kuufunga tepu vizuri mpaka fyuzi ya pili ipatikane.

Iko hivi, watu wengi wanadhani fyuzi kubwa inalinda amplifaya, kumbe amplifaya ina fyuzi zake, hii ya kwenye waya inalinda waya usiwake. Betri ikiwa moja umeme unatoka upande mmoja, kwa hiyo fyuzi moja karibu na betri inamaliza kazi. Ukishaweka ya pili waya huohuo unapata umeme kutoka pande zote mbili. Sasa reli ya siti ikikata plastiki ya waya ukagusa bodi, fyuzi ya mbele itakata fresh kabisa, lakini betri ya nyuma haijui habari hiyo, itaendelea kumwaga ampea mia kadhaa kwenye shoti ileile. Nimeshaletewa gari la hivyo, kapeti limeungua kuanzia nyuma hadi siti ya kati, na fyuzi ya mbele imekatika kama inavyotakiwa. Mwenye gari alikuwa anashangaa moto umetokea wapi.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi: betri ya mbele, fyuzi, waya mrefu, fyuzi, betri ya nyuma, halafu kutoka betri ya nyuma fyuzi nyingine ndo uende kwenye amplifaya. Kila fyuzi iwe karibu na betri yake, isizidi sentimita 45, maana kipande cha kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Tumia zile fyuzi bapa za kufunga kwa nati (ANL), za kioo achana nazo kwa mzigo huu.

Saizi ya fyuzi inafuata waya, sio wati za mziki. Waya wa shaba halisi wa 25mm (milimita za mraba, unene wa shaba ya ndani) weka 150A, wa 35mm weka 200A, wa 50mm weka 250A. Na hapa kuwa makini sana mkuu, Kariakoo kuna waya umenenepa hatari ila ndani ni alminiamu imepakwa shaba, kwangua kwa kisu ukiona weupe ujue ndo huo. Unapitisha kama asilimia 60 na kitu tu ya shaba, so ukiutumia panda saizi ya waya na ushushe fyuzi. Mimi huwa nachukua waya wa kuchomelea wa shaba, mlaini na unapinda vizuri, ila upitishe ndani ya bomba maana mpira wa baadhi yake haupendi oili wala joto la injini, na kila tundu la bati weka raba.

Hesabu ya umeme: wati 1500 za kweli, amplifaya ya class D (aina isiyopoteza umeme mwingi) inapoteza kama asilimia 20, kwenye volti 13.5 unavuta karibu ampea 140 pale juu kabisa. Alteneta (inayozalisha umeme injini ikiwaka) ya gari kama lako mara nyingi ni ampea 80 mpaka 100, na kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inatoa chini ya hapo. Betri ya pili haizalishi umeme, inasaidia besi inapogonga tu, baadaye alteneta lazima irudishe kilichotoka. Kama unapiga mziki gari limezimwa weka rilei (swichi ya umeme) ya kazi nzito ya 200A katikati, inayounganisha betri mbili injini ikiwaka tu, ili asubuhi betri ya mbele iwe na nguvu ya kupiga stata. Rilei haichukui nafasi ya fyuzi, zote mbili zinabaki.

Betri zenyewe ziunge pozitivu kwa pozitivu na negativu kwa negativu, ukiziunga mfululizo unapata volti 24 na amplifaya imeungua. Zichaji zote zijae kabla ya kuziunganisha, na usichanganye mpya na iliyochoka, iliyochoka itaivuta mwenzake. Ya nyuma iwe ile iliyozibwa (AGM), Noah buti lake ni humohumo mnapokaa na betri ya maji ikichaji inatoa haidrojeni. Ifungwe kwa chuma isitembee.

Eathi (waya wa negativu unaofungwa kwenye bodi) iwe nene sawa na pozitivu, kwangua rangi mpaka bati ling'ae. Na ongeza waya toka alteneta kwenda betri ya mbele (nao na fyuzi yake) na toka injini kwenda bodi, zile za kiwandani ni nyembamba kwa mzigo huu.

Ukimaliza washa gari, piga mziki kwa nguvu, pima volti kwenye betri ya mbele kisha kwenye temino za amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti kuna waya mwembamba au lagi (kichwa cha chuma cha waya) haijabana, anza kukagua upande wa eathi.