Mke wangu ananizuia kuhamia kampuni inayonilipa zaidi

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nimeoa, tuna watoto watatu, tunakaa Mbagala. Nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, huu ni mwaka wa tisa, mshahara wangu 1,100,000. Washindani wetu wamenipigia, wananitaka kwa 1,500,000. Mke wangu hataki hata kusikia. Kila nikigusia ananirushia maswali: mkataba uko wapi, kazi yenyewe ni ya wapi, na SACCOS itakuwaje. Nikimweleza ananiambia usiache mbachao kwa msala upitao. Naona hapendi maendeleo yangu, au dada yake anamjaza maneno, maana siku hizi haishi kuja nyumbani. Hapa nilipo heshima haipo tena. Mwezi wa nne usimamizi wamempa kijana niliyempokea mimi na kumfundisha kazi. Kuna mkopo mdogo wa SACCOS ya kazini umebaki, si tatizo. Kituo kipya kitakuwa Kwala, lakini wamesema usafiri utapangwa. Nimeshawaambia nitaanza tarehe mosi. Shangazi, nimfanyeje mwanamke huyu?
Msomaji, Mbagala

Marahaba mwanangu. Pole kwa habari ya huyo kijana. Umempokea hajui pa kuanzia, leo yeye ndiye anakusainia likizo. Inauma, sitakudanganya. Basi, pole imeishia hapo.

Barua yako imevaa nguo za ushauri wa kazi, ila ukifika mwisho unauliza "nimfanyeje mwanamke huyu". Kazi umeshaamua, tarehe umeshawapa. Unachotafuta ni maneno ya Shangazi ukamwoneshe mkeo kwenye simu: haya, soma, hata mtu mzima kasema. Mwoneshe. Lakini asome mpaka chini.

Mkeo ameuliza mambo matatu. Nimeipitia barua yako kuyatafutia majibu, nimekuta badala yake habari za dada yake. Shemeji anaingiaje kwenye mshahara wako? Mtu ukimuuliza mkataba akakujibu habari za ndugu zako, ujue mkataba hana.

Na huna. Umeandika "wamenipigia". Nani alipiga? Mwenye kampuni, au mtu mliyekutana naye getini bandarini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi unafanya kazi gani, wapi, saa ngapi, kwa mshahara gani. Simu ya jioni haimo humo. Sheria hiyohiyo ina jambo jingine ambalo vijana hamlisomi: mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri hana ile kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki. Leo una miaka tisa, wakitaka kukutoa lazima waje na sababu na utaratibu. Tarehe mosi unakuwa mgeni kabisa, na wakikuchoka ukiwa na miezi minne tu, huwezi kulalamika kwamba wamekuachisha isivyo haki.

Kwa nini wakuchoke? Mwanangu, umekaa bandarini miaka yote hiyo. Simu yako ina namba za waagizaji wa Kariakoo, za madereva wa Zambia na Kongo, za watu wanaojua kontena lipi limekwama na kwa nini. Washindani wanaitaka simu hiyo. Sioni ubaya, biashara ndivyo ilivyo. Ila wateja wakishakufuata na namba zimeshaingia kwenye mafaili yao, wewe utabaki na kitu gani wasichokuwa nacho? Hapo ndipo mkataba unapokuwa na kazi. Nina wasiwasi mkeo ameliona hili, ila hakujua aliseme vipi bila wewe kukasirika.

Tuje kwenye fedha, maana hiyo nyongeza ya laki nne unaihesabu kama imeshaingia mfukoni. Nachukulia mishahara yote miwili ni kabla ya makato, kwani hukusema. Kwenye 1,100,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 110,000, na kodi ya mshahara kwa viwango vya Bara ni 125,500. Unarudi nyumbani na 864,500. Kwenye 1,500,000, NSSF ni 150,000 na kodi 233,000, kwa sababu ukishatoa NSSF, kinachozidi milioni moja kinakatwa asilimia 30. Unabaki na 1,117,000. Tofauti ni 252,500. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara ni ya Bodi, na kadiri mshahara unavyokua nayo inakua.

Sasa zitoe hizo 252,500 uende nazo Kwala.

Kwala, mwanangu! Umeiweka mwishoni kabisa kama mtu anayetaja kituo cha daladala. Bandari kavu ya Kwala iko mkoa wa Pwani, huko mbele ya Mlandizi, na wewe unalala Mbagala. "Usafiri utapangwa" na nani, lini, kwa fedha ya nani? Ukweli ni kwamba utapanga chumba huko, utakula kwa mama lishe asubuhi na jioni, utarudi Jumamosi usiku umechoka na Jumapili mchana uanze kuaga. Nyumba moja inakuwa mbili kwa nyongeza ya 252,500. Watoto watatu mtu anabaki nao peke yake, akiugua mmoja usiku ni yeye, mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita ni yeye. Halafu mwanamke huyo akiuliza "kazi ni ya wapi", jibu lako ni kwamba hapendi maendeleo.

SACCOS nayo. Mkopo "mdogo" ni shilingi ngapi? Mbona mishahara yote umeitaja mpaka sifuri ya mwisho, deni hukulitaja? SACCOS ya kazini kwa kawaida haikopeshi bila wadhamini, na wadhamini wako ni wenzako wa kazini. Siku ukitoka, makato ya mshahara yanakoma, na deni lisipolipwa watakaoulizwa ni wao, kwenye akiba zao. Pengine wake zao wanamjua mkeo na wanakutana naye sokoni. Wewe utakuwa Kwala. Yeye ndiye atakayekutana nao.

Huyo kijana sasa. Ulipohesabu mshahara ulitumia mstari mmoja, ulipofika kwake kalamu ikawa nzito. Nadhani ndiye anayekuhamisha, kuliko hizo laki. Uliiomba nafasi hiyo? Hujasema. Katika kazi yenu kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kinafundishwa Chuo cha Kodi. Kijana anacho? Wewe unacho? Nisije nikakuonea, labda unacho na walikudhulumu kweli. Lakini aliyedhulumiwa angeanza barua na dhuluma hiyo. Wewe umeipitisha katikati, kati ya shemeji na SACCOS, kama mtu asiyetaka aulizwe zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na miaka tisa ni mingi ya kukaa umesimama wima ukingoja kuitwa. Huko uendako napo kuna vijana, tena wasiojua kwamba uliwahi kumfundisha mtu.

Mniruhusu kidogo niseme na wengine, maana barua hii si ya mtu mmoja. Ndoa za siku hizi zimekuwa kama nyumba ya wapangaji, kila mtu na kufuli lake. Mume hasemi analipwa kiasi gani. Mke naye hasemi amechukua nini kwenye kikoba. Mume anamwambia rafiki yake wa kijiweni kwamba anataka kuacha kazi wiki mbili kabla ya kumwambia mama watoto, na akimwambia anakuwa ameshaamua, anachohitaji ni makofi. Asipopigiwa makofi, "mke hana imani na mimi". Imani gani? Mwanamke anayepima unga kila jioni anajua nyumba inakula nini kwa mwezi kuliko anayeleta fedha. Wanawake nao siwaachii: wapo wanaomsukuma mume ahame kazi kwa sababu jirani kanunua gari, na siku mambo yakiharibika wanakuwa wa kwanza kufunga virago. Wa huyu baba si wa namna hiyo. Wa kwake ameuliza mkataba. Wangapi wangeuliza sherehe ni lini?

Sijasema usihame. Kampuni si kaburi la babu yako, na 1,500,000 si fedha ya kutupa. Nasema usihame kwa hasira, na usihame bila karatasi.

Hiyo tarehe mosi ifute leo. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, nawe hujaandika hata mstari. Ukitoka tu bila kuaga, malipo yako ya mwisho yanaweza kukatwa, na mjini wakala wa forodha aliyeondoka vibaya anajulikana haraka. Kile kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka, usikihesabu. Kinamhusu anayeachishwa na mwajiri, si anayeondoka mwenyewe. Unachoweza kudai ni malipo ya likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi, na hivyo utavipata kwa amani ukiondoka kwa amani. Wala barua ya washindani usiende kumtikisia bosi ili akuongeze, kama hujajiandaa kusikia "nenda salama".

Waambie hao wa Kwala walete mkataba: cheo, mshahara kabla ya makato, usafiri au nyumba ni ya nani, muda wa majaribio ni miezi mingapi. Nenda SACCOS ukachukue salio la deni kwa maandishi, na wadhamini wako uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu. Kwa kijana usiseme kitu. Muulize meneja, mlango umefungwa, ulikosa nini mwezi wa nne.

Mkeo muombe radhi kwa lile la dada yake. Mkataba ukifika, mpe ausome yeye kwanza.