Mti wa mjini ukiumwa, anzia chini

Mti wetu wa kando ya barabara unakauka kuanzia kileleni, lakini sioni wadudu. Nipulize dawa gani?

Usipulize kitu bado. Kilele kikikauka na majani hayana wadudu wala madoa, mara nyingi tatizo liko mizizini. Mizizi mingi inayonyonya maji huwa kwenye sentimita 30 hadi 60 za juu, na husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Magari yakiegeshwa hapo, udongo hushindiliwa na hewa haipenyi. Udongo ukiwa na unyevu, chomeka bisibisi ndefu: ikigoma kabla ya sentimita 15, umeshapata jibu. Zuia magari, toboa udongo kwa uma wa bustani ukikwepa mizizi minene, kisha weka matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao, unene wa sentimita 5 hadi 10. Yasiguse shina kabisa. Gome lisilokauka huoza. Uliza pia kama kuna mtaro uliochimbwa karibu. Mti uliokatwa mizizi unaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuonyesha dalili.

Fundi anataka kukata kilele chote ili mti usiangukie nyumba.

Mkatalie. Visiki vya matawi manene huoza, na machipukizi yanayoota hapo hushikiliwa na tabaka la nje tu, kwa hiyo yakinenepa ndiyo yatakayokatwa na upepo. Ondoa matawi yenye hatari tu. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene, pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo, ili lisichune gome likianguka, mwisho kipande kilichobaki, nje tu ya uvimbe unaounganisha tawi na shina. Uvimbe huo ndio unaoziba jeraha, usiuguse. Kupaka rangi au lami hakusaidii.

Miche tuliyopanda mwaka jana imedumaa, na tunaimwagilia kila siku.

Maji kidogo ya kila siku huishia juu. Upe kila mche lita 40 kwa wiki, ukizigawa mara mbili, polepole. Kisha fukua shinani: mahali shina linapopanuka kuwa mizizi panapaswa kuonekana. Pakiwa pamefukiwa, ondoa udongo uliozidi, na mizizi myembamba inayolizunguka shina ikate kabla haijalinyonga. Kamba zinazoufunga mche kwenye nguzo nazo zifunguliwe sasa.

Uyoga umeota chini ya shina. Niung'oe?

Kuung'oa hakuponyi, mara nyingi kuvu huwa imeshaingia kwenye mbao. Upige picha, zuia watu kukaa chini ya mti, na mwite mtaalamu wa miti apime uozo umefika wapi.