Kwa mnaoanza kuhudumia wenye maumivu sugu

Ukimsalimia kliniki mama wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, "Shikamoo mama, unaendeleaje?", atakujibu, "Marahaba mwanangu, naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Wewe mgeni utaandika kwenye faili: ana nafuu. Hiyo ni salamu, si taarifa. Muulize jana alilalaje, na wiki hii nani kamkatia ng'ombe majani. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 kitumie, lakini mimi nayaamini zaidi majani ya ng'ombe.

Maumivu yakizidi miezi 3 tunayaita sugu. Kwa wengi, palipoumia palishapona, ila mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa vyepesi kushtuka. Watafiti wa maumivu Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango, linalopunguza au kuongeza taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Hofu, msongo na usingizi mbovu hulifungua zaidi. Kwa hiyo eksirei inaweza kutoka safi na mtu anaumia kweli. Usimwambie kamwe "ni mawazo tu". Keshaambiwa hivyo na mawifi. Akilisikia na kwako, harudi tena.

Kinachowaangusha wengi ni siku nzuri. Mama anaamka mwepesi, anashuka tambarare, anajitwika mzigo mzima wa majani na kupanda nao, kisha analala siku tatu. Ikijirudia anaanza kuogopa kila kazi, misuli inalegea, maumivu yanazidi. Panga naye: nusu mzigo, apumzike kabla mgongo haujamlazimisha, na kiasi kiwe kilekile siku nzuri na siku mbaya. Mtaongeza taratibu. Atakubishia kwamba ng'ombe wa maziwa hasubiri, na hajakosea. Kaa basi na vijana wa nyumbani wagawane kazi, ila wasimpokonye zote. Mtu aliyelea watoto kwa jembe, akinyang'anywa jembe anabaki kutwa kuyasikiliza maumivu.

Dawa usimpunguzie wewe, hilo ni la daktari. Na ukisikia ana homa, au anakonda bila sababu, mrudishe kwa daktari haraka. Akianza ganzi sehemu za siri, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo, aende siku hiyohiyo, hata kama ni kwa bodaboda usiku.