Mabaka Usoni na Macho ya Watu kwenye Taksi

Mbalanga, yaani mabaka meupe yanayotokea ngozi inapopoteza rangi, kwa kawaida haiumi. Kinachomchosha mwenye mbalanga usoni ni abiria anayechungulia taksi iliyobakiza nafasi moja, akamwona, kisha akasema atangoja nyingine. Hayo yakijirudia, mtu huanza kukwepa: kanisa, soko, mwishowe hata kazi.

Anza kwa kujua jina la ugonjwa wako, tena kutoka kwa mhudumu wa afya, si kwa muuza mafuta ya kupaka. Mbalanga hutokea kinga ya mwili inaposhambulia chembe zinazoipa ngozi rangi. Haiambukizi, kama ilivyo kwa ukurutu na soriasisi. Ila baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba wewe husikii chochote, lionyeshe haraka: huenda ni ukoma, nao unapona kwa dawa za bure.

Ukishajua, andaa jibu fupi: “Ni mbalanga, dada, haiambukizi.” Lifanyie mazoezi kwa sauti mpaka litoke bila kutetemeka. Jibu refu hufungua mlango wa ushauri wa mizizi, maombezi na minong’ono ya ukimwi.

Kisha andika mambo manane unayoyakwepa, kila moja ulipe alama ya hofu kati ya 0 na 100. Anza na la 30 hivi, labda kwenda kioski cha jirani kununua muda wa maongezi bila mtandio. Baki hapo, ongea na muuzaji, usiondoke hadi hofu ishuke angalau nusu. Ukikimbia ikiwa juu, moyo unajifunza kwamba kilichokuokoa ni kukimbia. Rudia mara tatu au nne kwa wiki, ndipo upande la 40. Wengi hushindwa kwa sababu wanaanzia kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba kwa familia, ukoo mzima ukiwatazama! Wengine huenda kweli, lakini macho yamezama kwenye simu muda wote, na hofu inabaki palepale.

Kujikinga na jua ni jambo jingine, usiliache. Baka jeupe huungua upesi, kwa hiyo vaa kofia na upake mafuta ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi: mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo, kila saa mbili ukiwa nje. Krimu za kujichubua achana nazo, na krimu kali za steroidi usijipangie mwenyewe. Zikipakwa usoni kwa miezi hupunguza unene wa ngozi.

Kliniki ya ngozi mara nyingi haitakuuliza habari za moyo. Sema wewe kwanza, tena waziwazi: “Wiki mbili sasa silali, sina hamu ya kula, sitaki kuona watu.” Ukisema tu “sijisikii vizuri,” utaandikiwa krimu nyingine. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu akusindikize siku hiyohiyo hadi kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ukiwa Kampala.