Fundi anataka kung'arisha bunduki yangu ya zamani. Nimruhusu?

SWALI: Nimenunua mnadani hapa Lancaster, Pennsylvania, bunduki ndefu ya kushindilia. Kitako ni cha mti wa mepo wenye milia, ila kimekuwa cheusi, na kisanduku chake cha shaba ya njano, kilichopachikwa ubavuni mwa kitako, kimefifia. Kwenye mtambo wa kufyatulia pameandikwa Ketland. Inatumia fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo), lakini fundi anasema mwanzoni ilikuwa ya gumegume, yaani ya jiwe la kupiga cheche. Anataka kuipiga msasa, kuing'arisha na kuirudishia gumegume ili ipande bei. Nikubali? Na je, ni ya Kiingereza?

JIBU: Usikubali, na leo usiiguse kwa lolote kabla hujajua kama imeshindiliwa baruti na risasi. Teremsha mdeki (kijiti cha kushindilia) ndani ya mtutu taratibu mpaka uguse chini, uso wako ukiwa pembeni ya mdomo wa mtutu. Utie alama pale unapotokea mdomoni, uuchomoe, kisha uulaze juu ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ifike karibu kabisa na tundu la moto, lile linalopitisha moto hadi kwenye baruti. Ikipungua inchi moja au zaidi, ihesabu imejaa: isisogezwe motoni, isitobolewe, ipelekwe kwa mjuzi wa baruti nyeusi. Baruti hiyo ikikaa pakavu haichachi hata baada ya miaka 150.

Ketland ni jina la watengenezaji wa Birmingham, Uingereza, waliouza mitambo kwa wingi Marekani, kwa hiyo jina hilo peke yake haliifanyi bunduki kuwa ya Kiingereza. Mafundi wa Lancaster, Reading na Lebanon, wengi wao wenye asili ya Kijerumani na Kiswisi, walinunua mitambo ya nje kwa sababu kuifua wenyewe kulikula muda. Jina la aliyeiunda bunduki litafute juu ya mtutu, mbele ya sehemu ya baruti. Jacob Dickert wa Lancaster, kwa mfano, aliandika lake hapo. Nyingi hazina jina kabisa. Kwa umri, pima bamba la kitako: pana la karibu inchi 2 na lililonyooka kiasi huelekea miaka ya 1770, jembamba lililopinda kama mwezi mchanga ni la baada ya 1800.

Sasa huo msasa. Nakshi za bunduki hizi, hasa nyuma ya pale shavu linapoegemea, zimeinuka kidogo mno, mara nyingi hazifiki milimita moja na nusu. Msasa hula kingo kwanza, na nakshi bila kingo ni uvimbe tu. Halafu mbao inashuka huku vipande vya shaba na fedha vilivyopachikwa sawasawa nayo vikibaki vimechomoza. Rangi nayo inakwenda. Fundi wa zamani aliyeyusha chuma ndani ya asidi ya naitriki, akaipaka mbao na kuipitishia joto mpaka ikawa kahawia yenye wekundu. Rangi hiyo inakaa kwenye ngozi nyembamba ya juu. Ukishaikwangua unafika kwenye mbao nyeupe, na rangi ya dukani atakayopaka huyo fundi wako itafunika milia ikawa tope. Hakuna dawa ya kurudisha. Anayekwambia ipo anauza dawa.

Kuhusu gumegume, fungua mtambo uone mwenyewe. Vuta nyundo mpaka ishike nusu ya njia, legeza skurubu za upande wa kushoto mizunguko michache kwa bisibisi inayojaa mfereji wake, kisha gongagonga vichwa vyake kwa mpini wa mbao mpaka mtambo usukumike nje. Usiubandue kwa kuuchokonoa pembeni. Matundu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo yanaonyesha palipokuwa na springi ya chuma cha cheche, kile kilichopigwa na jiwe. Ubadilishaji huo ulifanywa sana kuanzia miaka ya 1820, na mwenyewe akaendelea kuwinda. Ni sehemu ya maisha ya bunduki. Wapo wakusanyaji wanaokubali bunduki yenye jina kubwa irejeshwe, kazi ikifanywa na bingwa na kuandikwa wazi. Fundi wa msasa si huyo bingwa.

Mtutu usiutoe: mbao ya pembeni yake ina milimita 2 au 3 tu, na imeshikwa kwa pini. Vumbi litoe kwa brashi laini. Chuma kipake mafuta mepesi, kutu nyekundu ifutwe kwa kitambaa, ile ya kahawia iliyotulia iachwe. Malizia na nta laini ya makumbusho (ya kuhifadhia vitu vya kale), nyembamba. Mafuta ya kitani hapana. Juu ya uchafu yanaganda kama gundi na kuzidi kuwa meusi. Dawa ya kung'arishia shaba yenye amonia ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa shaba ya kale iliyofuliwa hupasuka kwayo, na unga mweupe hubaki kwenye michoro milele. Na isitundikwe juu ya meko.

Wanaong'arisha mara nyingi hawaishii hapo. Mbao isiyo na milia huchorewa milia, sehemu za bunduki tatu huunganishwa kuwa moja, na mtutu usio na jina hupata jina. Kabla hujanunua nyingine, chukua kioo cha kukuzia utazame maandishi: mstari ukiteremka mpaka ndani ya vishimo vya kutu na kupanda tena bila kukatika, jina limechongwa baada ya kutu.