Usivuke hicho kijito. Geuka

We, simama hapo hapo. Nimesoma swali lako lote, umehamia Jinja juzi, unatafuta njia ya kukimbia ya kilomita 15 kando ya Nile kutoka Bujagali kuelekea Itanda, viatu gani, saa ngapi, mbwa aje ama abaki, sawa. Lakini ile sentensi ya mwisho ndiyo imenitoa kitandani, eti kuna kijito kinakata njia "lakini nitavua viatu nivuke, maji ni ya magoti na yanatembea". HAPANA. Mimi niliuliza hivyo hivyo humu humu miaka miwili iliyopita, na kuna jamaa akanijibu "vuka tu kaka, maji yanayotembea hayana kichocho". Huyo jamaa kama bado yupo ajue nimemsema kwa mama yangu, kwa daktari na kwa Mungu, tena kwa mpangilio huo.

Njia yenyewe ni tamu, sikatai. Asubuhi ukungu umelala juu ya maji, huku mihogo huku mahindi, watoto wanakufuata na kandambili zao wanakupita halafu wanakucheka. Ndiyo maana inadanganya. Unafika kwa kijito unakuta maji meupe, unaona mpaka mawe chini, unasema haya maji hata kunywa nakunywa. Pembeni kwenye majani kulikuwa na konokono wadogo bapa, kama kifungo cha shati, rangi ya chai ya rangi. Nikamchukua mmoja nikamweka kwa kiganja nikamwangalia, nikaona mzuri, nikamrudisha. Nilikuwa nimemshika mwenye nyumba wa kichocho mkononi halafu nikaingia nyumbani kwake bila viatu.

Kulikuwa na mama mmoja pale, amebeba jerikeni, amevaa gambuti. Gambuti! Hiyo peke yake ilitosha kunifundisha. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tunazunguka kule juu kwa barabara." Nikamwambia asante mama, nikavuka, kwa sababu saa ya mkononi ilikuwa inahesabu na sikutaka spidi yangu iharibike. Spidi yenyewe dakika 6 na nusu kwa kilomita, hata bata angenipita.

Nikavuka kila Jumamosi miezi miwili, kwenda na kurudi. Na ujanja wangu haukuishia hapo, wakati wa kurudi, jua la saa sita kichwani, nilikuwa nakaa kwa jiwe natumbukiza miguu robo saa nzima eti napoza misuli kama wale wa timu kubwa za Ulaya. Kumbe yule konokono anamwaga vidudu vya kichocho vingi zaidi mchana jua likiwaka, na havihitaji kidonda wala nini, vinapita kwa ngozi nzima ndani ya dakika chache. Na hii habari ya maji yanayotembea, sikiliza, katikati ya mto yanatembea, lakini wewe huvuki katikati ya mto! Unavuka pembeni penye majani, na pembeni yamelala. Halafu huu mto siku hizi una mabwawa, Bujagali tangu 2012, Isimba tangu 2019, kuna sehemu unaangalia huwezi kujua ni mto ama ni ziwa.

Wiki ya pili nilikuwa nimepima choo, rafiki alinitisha, ikatoka safi, nikatembea na ile karatasi kama cheti cha digrii. Hakuna aliyeniambia mayai ya minyoo ya kichocho yanachukua zaidi ya mwezi ndiyo yaonekane. Mwezi wa pili homa ikaja, kikohozi, mwili unawasha vinundu kama umelala kwenye upupu. Kliniki moja, siitaji, ikanitibu malaria. Mara tatu! Dripu, sindano, pesa, na kipimo cha malaria kinasema hakuna lakini daktari anasema "tutibu tu". Mimi nami nilikuwa na upumbavu wangu wa pembeni, shuleni tulifundishwa kichocho ni damu kwenye mkojo, kwa hiyo kila asubuhi nasimama chooni nakagua mkojo kama afisa wa forodha Malaba, naona safi, nasema si kichocho. Dada wa maabara kwenye kituo cha afya cha serikali ndiye aliyecheka akaniambia kaka, cha huku kwa Nile kinakaa kwa matumbo, utakagua mkojo mpaka uzeeke. Akaniambia pia mimi mtoto wa baraksi niliyekulia Mbarara, mwili wangu ni mgeni, ndiyo maana homa ililipuka vile, wengi waliokulia kando ya maji wanakaa nacho kimya kimya mpaka ini linaharibika. Hiyo ya mwisho haikunichekesha.

Dawa ni praziquantel, inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, mimi wa kilo 67 nikapewa vidonge vinne na nusu nimeze siku moja. Kula kwanza. Mimi nilikula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ikarudi yote juu ya boda, mgongoni kwa mwenye boda, nikamlipa mara mbili. Na haiui minyoo michanga, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa nikarudia. Marathoni ya Kampala ya Novemba niliitazama kwenye simu nikiwa nimekaa kwa mkeka.

Usiniambie utavuka na viatu, maji yanaingia kwa viatu. Usiniambie utajifuta haraka na taulo. Najua mkimbiaji wetu Peruth Chemutai alituletea dhahabu kule Olimpiki ya Tokyo 2021 kwa mbio za kuruka vizuizi na maji, lakini yale ni maji ya uwanjani, hayana konokono. Njia ikiingia majini, GEUKA. Ama panda juu kwa barabara ya murram, inakuongezea kama kilomita mbili na nusu na utakula vumbi la malori ya miwa, kula.

Viatu sijui, vaa vyovyote. Saa ngapi, toka saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka. Uliuliza kitu kingine nimesahau, ah, mbwa. Huyo mwache nyumbani, ataingia majini na wewe utamfuata kumtoa, nakujua. Jumamosi nitakuwa pale kwa steji ya boda Bujagali, kofia nyekundu, tunapita njia ya juu. Tukimkuta yule mama wa gambuti nina soda yake.